UZI: Ukikwama kuandika, tafuta mtu wa kumjibu

mwana_mvita

Asalaam aleikum wandugu, habari za saa hizi. Uzi huu ni wa wanaoandika, iwe mashairi, hadithi, maneno ya taarab, drama za shule au zile stori za WhatsApp ambazo watu wazingoja kila wiki, na sasa mtu amekwama, akifungua simu aandike hapati hata mstari. Swali hili laulizwa kila mara na majibu huwa ni yale yale, pumzika, soma sana, nenda ufuoni upunge upepo. Si mabaya lakini hayafiki penye maumivu. Upepo tuko nao hapa Mombasa tangu tuzaliwe na watu bado wanakwama.

Langu ni moja na ntalieleza kwa urefu. Mtu akikwama mara nyingi maneno anayo, asichonacho ni mtu wa kumwambia. Akiketi peke yake mbele ya karatasi aandikia "wasomaji", na wasomaji hawana sura, hawana swali, hawajamuudhi wala hawajamfurahisha, sasa aanze vipi? Lakini mtu huyo huyo mwambie kuna jirani kamsema vibaya pale kwenye bomba la maji, utaona atakavyoyatoa maneno, yamepangika, na methali juu.

Tazameni mashairi ya hapa kwetu. Muyaka bin Haji, malenga wa Mvita, yaani Mombasa hii, wa zama za utawala wa Mazrui, aliyefariki karibu mwaka 1840, hakua mtu wa kujifungia angoje jambo limshukie. Mombasa na Lamu zilikua na uhasama, basi mashairi yakawa yaenda na kurudi, huku latoka la kuchokoza kule larudi la kujibu. Na mengine ni ya mambo ya maisha tu, nyumba, mapenzi, dhiki, watu walivyomgeuka. Watu wakayashika kwa kichwa, mpaka miaka mingi baadaye Mwalimu Sikujua akayakusanya kutoka vinywani mwa watu, yeye na yule mmishonari William Taylor, ndio tukabaki nayo. Mie naamini yalishikika vile kwa sababu kila moja lilikua na mtu wake wa kuambiwa.

Alafu angalia faida ya kujibizana kwa huyu aliyekwama. Ukijibu shairi la mwenzio wachukua vina vyake, pengine na kituo chake pia, ule mstari wa mwisho. Kabla hujaandika neno washajua unamwambia nani, juu ya nini, na kwa umbo gani, mizani nane kwa nane, kina cha kati hiki cha mwisho hiki. Yale maamuzi makubwa yanayomgandisha mtu yashafanywa. Kilichobaki ni kutafuta neno linaloishia na "ma", na hilo hata ukiwa umechoka utaliweza. Watu wasema vina vyamfunga mtunzi, mie naona vyamfungua, maana ukiwa watafuta kina wakutana na neno ambalo hukulipanga, na lile neno lakuvuta kwenye wazo ambalo hukua nalo kabisa.

Kama huandiki mashairi, nenda Biashara Street mchana wa kawaida usimame kwenye duka la kanga. Muuzaji akikunjua doti aitandaza juu ya kaunta na mkono mmoja, rangi zatokeza zote kwa pamoja, pindo na mji wa katikati, lakini angalia macho ya mteja yaenda wapi. Yaenda chini pale kwenye jina, yale maandishi ya kanga. Asoma polepole, midomo yacheza, alafu asema hapana, hii fulani ataona namsema yeye, nipe ingine. Rangi kaipenda, bei kairidhia, jina ndilo limekataa! Hapo pana hadithi nzima. Huyo fulani ni nani, walikosana nini, nyumba zao ziko karibu kiasi gani mpaka kanga ikianikwa kwenye kamba yasomeka upande wa pili. Zoezi ninalowapa watu ni hili, chukua jina moja, tuseme HASIDI HANA SABABU ama JAPO SIPATI TAMAA SIKATI, andika nani kainunua, atapita nayo mlango wa nani, na yule atakayeiona atajibu kwa kanga gani. Ukijibu hayo matatu ushapata watu wawili na ugomvi, na hadithi haihitaji zaidi ya hapo ili ianze kutembea.

La pili ambalo nalipenda ni kutembea kwa miguu, na hili lina utafiti wake. Chuo cha Stanford kule Marekani mwaka 2014, Marily Oppezzo na Daniel Schwartz waliwapima watu wakiwa wameketi na wakiwa wanatembea, na wanaotembea walitoa mawazo mapya zaidi kwa wastani wa asilimia 60 hivi. Na hata waliotembea kwenye mashine ndani ya chumba wakiangalia ukuta walifaidika, kwa hivyo ni mwendo wenyewe wafanya kazi. Lakini yale maswali yenye jibu moja tu la sawa kutembea hakukuyasaidia. Mie nalielewa hivi, ukitaka wazo tembea, ukitaka kusahihisha mizani kaa chini. Toka Fort Jesus ushike Ndia Kuu, ingia vichochoroni, tokea Kibokoni, na usitie kitu masikioni. Watu wa Mombasa waongea kwa sauti, acha wakupe.

Haya, nasikiliza. Aliyekwama aseme amekwamia wapi.

bi_kibokoni

Waaleikum salaam. Yakhe umenena lakini mie shida yangu ni kuwa huo wakati wa kuketi haupo. Naamka kabla ya adhana kukanda mahamri, watoto waende shule, nikimaliza mbaazi niingie usafi, jioni ndio hiyo imefika. Wazo huja mikono iko kwenye unga, nikisema ntaandika baadaye, hio baadaye nikishika kalamu hakuna kitu, limeondoka.

Kilichonisaidia ni sauti. Nina shoga yangu yuko Lamu, naye atunga. Naitegemeza simu kwenye mkebe wa sukari namrekodia sauti huku nakata mahamri, namwambia "sikiliza nikupe kisa", nampa kisa chote na zile sauti za watu wenyewe, mafuta yachemka nyuma asikia. Usiku nikitulia nasikiliza nayaandika kama yalivyo alafu ndio natengeneza. Na wallahi yale niliyomwambia yeye huwa yana uhai kuliko yale niliyojaribu kuandika kwa Kiswahili cha kitabu. Kwa hivyo kwa hilo la mtu wa kumwambia niko na wewe kabisa, mie mtu wangu nampata kwa sauti.

mwana_mvita

Dada hapo umenifunza. Hilo la kusema kwanza alafu uandike ni la watu wasioandika sana pia, maana mdomo umezoea kusimulia miaka mingi kuliko mkono.

abiria_wa_likoni

Mimi sikubaliani na mada, naomba nieleweke. Nikimsimulia mtu kitu kabla sijakiandika hamu yote inaisha. Nishawahi kuwa na hadithi nzuri ya mabaharia, nikaisimulia kwenye feri kwa jamaa mmoja kutoka upande mmoja mpaka mwingine, alicheka akafurahi, na mimi nikawa nimeshiba, sikuiandika tena. Kwangu mtu wa kumwambia ndio mwizi wa hadithi. Na hizi grupu za waandishi ndio mbaya zaidi, unatuma aya moja unapewa maoni ya watu ishirini kila mmoja na lake, kesho huwezi kugusa simu.

mwana_mvita

Kaka nakuelewa na wala sikupingi kwa hilo la grupu, kazi ikiwa changa haifai kupitishwa mikononi mwa watu wengi. Lakini ninavyosema mtu wa kumjibu simaanishi lazima asome. Huyo mtu aweza kuwa hajui kama waandika. Andika barua kwa mwenye nyumba aliyekupandishia kodi, usiitume. Mjibu marehemu babu yako aliyekwambia kazi ya bahari haina baraka. Ijibu bahari yenyewe. Wale mabaharia wako, mmoja wao hakukubaliana na ulivyosimulia, mpe nafasi aje kukukosoa, andika yeye asemavyo. Shibe yako ilitoka kwenye kicheko cha yule jamaa, sasa huyu baharia hatacheka, ataka haki yake.

abiria_wa_likoni

Hapo kidogo umenishika. Huyo baharia asiyekubali namjua hata jina lake.

mwalimu_changamwe

Naomba nichangie upande wa vijana. Nafunza Kiswahili sekondari na naona wanafunzi wanaokwama kwenye insha sio wale wasiojua lugha, mara nyingi ni wale wazuri. Mtoto ameambiwa tangu darasa la nne kwamba insha lazima ianze na methali ama tanakali ama jua kuchomoza, lazima sentensi ya kwanza imvutie msomaji, lazima kuwe na msamiati mzito kila mstari. Sasa anakaa robo saa anatafuta methali ya kufungulia, hajaandika kitu, wakati tukio lenyewe analo kichwani kabisa. Ukimuuliza kwa mdomo "hebu niambie nini kilitokea", anakuambia vizuri mpaka unasahau kengele.

Kuna mtafiti wa Marekani anaitwa Mike Rose, mwaka 1980 alichapisha kazi yake kuhusu wanafunzi kumi wa chuo cha UCLA, watano wanaokwama na watano wasiokwama, wote wana uwezo. Aliona wanaokwama wameshikilia kanuni ngumu zisizopinda, kwa mfano kila sentensi iwe sahihi kabla hujaendelea na ya pili, ama lazima aya ya kwanza imnase msomaji ndipo uendelee. Wasiokwama nao wana kanuni, lakini zao zinapinda, ikikataa wanaiacha wanaenda mbele. Nilipolisoma hilo niliwaona wanafunzi wangu.

Siku hizi nawaambia anzeni katikati. Andika pale gari lilipopinduka, pale mama alipofungua mlango akakuta nyumba tupu. Mwanzo utaandika mwisho, ukiwa unajua unafungua mlango wa nyumba gani. Na wakati wa rasimu ya kwanza nimepiga marufuku kufuta. Vifutio vinakaa kwenye meza yangu. Mwanzoni walilia sana lakini sasa wananizidi kurasa.

kijana_magongo

Habari zenu wakubwa. Mimi niko kwa shida ya haraka, naandika drama ya kikundi chetu cha mtaani na dedilaini ni wiki ijayo, waigizaji washaanza kuniuliza skripti iko wapi. Niko na mada tu, "ukosefu wa kazi kwa vijana", na nikiketi naandika hotuba. Kila mtu kwa stage anatoa hotuba. Nisaidieni hata sina time ya kutembea Ndia Kuu.

mwana_mvita

Mdogo wangu, mada haiwezi kusimama jukwaani, watu ndio wasimama. Sahau ukosefu wa kazi kwa leo. Chukua vijana wawili marafiki, nafasi ya kazi ni moja, tuseme ya kibarua bandarini, na ile simu ya kuitwa imeingia kwa simu ya mmoja lakini aliyetafutwa ni mwenzake, maana simu ya mwenzake haina chaji, akaacha namba ya huyu rafiki. Aiseme ama anyamaze? Andika wanavyoongea pale, yeye ashajua na mwenzake hajui. Usiandike kitu kingine. Mpe kila mmoja sentensi fupi, na kila sentensi iwe yajibu ile iliyotangulia, ukiona mtu ameongea mistari mitatu bila kukatizwa ujue hotuba imerudi.

Tia alamu dakika ishirini. Ikilia acha, hata kama uko katikati ya neno, na hasa ukiwa katikati ya neno, ili kesho ukifungua uwe una pa kushika. Usimalize onyesho ndio ulale, ukimaliza kesho utaanza tena na karatasi tupu.

kijana_magongo

Shukran sana. Naenda kujaribu sai.

mzee_wa_baraza

Vijana hamjambo. Nimesoma yote nikafurahi. Nataka nitie neno kwa yule atakayesema hana utulivu, hana kompyuta, hana meza.

Abdilatif Abdalla, mtoto wa hapa hapa Mombasa, alifungwa mwaka 1969 kwa kuandika karatasi ya kuihoji serikali, akatoka 1972. Mle kifungoni alitunga mashairi akiyaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni. Yakatoka kitabu mwaka 1973, Sauti ya Dhiki. Sasa mtu huyo alikua peke yake kweli kweli, hana baraza, hana wa kumsomea. Lakini kifungue hicho kitabu muone, mna shairi la watu wawili wagombania mnazi, huyu asema yule ajibu, huyu asema yule ajibu, mpaka mwisho. Alipokosa wa kuzungumza naye akawatunga wawili. Ndio maana namuunga mkono mwenye uzi. Haya mambo ya kujibizana yamo kwenye damu ya mashairi yetu, mtu akiwa gerezani bado hayamtoki.

Na zamani sisi tukiketi barazani baada ya isha na kahawa chungu, mtu akitoa beti watu hawamsifu, wamjibu. Sifa ilikua ni kujibiwa.

bi_kibokoni

Shikamoo mzee. Hilo la mwisho ntaliandika kwenye ukuta wa jikoni.

mzee_wa_baraza

Marahaba mwanangu.

shuwari_tudor

Naomba niongeze kitu kimoja kwa upole. Kuna kukwama kwa kalamu na kuna kukwama kwa mtu mzima. Kama kuandika tu ndio kumekataa lakini wala vizuri, wacheka na watu, walala, basi haya mliyosema yote yatafaa. Lakini kama hata chakula hakina ladha, usingizi umepotea ama walala mchana kutwa, watu wako huwataki na hali hiyo yaendelea wiki baada ya wiki, hapo usijilazimishe mashairi, nenda hospitali ama uongee na mtu unayemwamini. Nafanya kazi ya uuguzi na nimewaona watu wenye vipaji wakijiita wavivu na kumbe ni wagonjwa. Ukitibiwa maandishi hurudi.

mwana_mvita

Ahsante sana dada, hilo nililiacha na ndilo lilifaa kutangulia. Wanaopita humu walisome kabla ya yangu.

abiria_wa_likoni

Mwenye uzi, ushasema sana kuhusu kujibizana, sasa tuonyeshe. Mimi natupa beti, nimeiandika hapa hapa kwenye foleni ya feri. Vina ni "ni" na "ma".

*Naketi kibarazani, kalamu imenigoma*
*Maneno yamo moyoni, mkononi yanakwama*
*Natupa jicho njiani, watu wapita kwa hima*
*Nambieni majirani, nianze wapi kusema*

mwana_mvita

Mashallah, na mizani imekaa. Ngoja.

*Anza na huyo njiani, mwenye kapu la mtama*
*Muulize kulikoni, mbona apita kwa hima*
*Atamkayo kinywani, yashike yasije hama*
*Ukirudi barazani, mkono hautakwama*

mwalimu_changamwe

Naomba ruhusa niwasomee wanafunzi hizi beti mbili Jumatatu, nitawapa kazi watoe ya mwenye kapu mwenyewe akijibu. Maana yeye bado hajasema kwa nini ana haraka.

kijana_magongo

Nimerudi. Nimeandika kurasa nne na alamu imelia yule kijana ashika simu mkononi hajaamua. Mwalimu hio ya mwenye kapu naomba niijaribu mimi kwanza usiku huu, wanafunzi wachukue beti inayofuata.

mzee_wa_baraza

Chukua mwanangu. Vina ni vile vile, na usivibadilishe mpaka utakapokua na sababu.